Malaria ya Siku Ishirini na Nane

Usiku wa jana niliota nimechelewa mstarini shuleni, na anayeita majina si mwalimu. Ni Daftari la Mahudhurio mwenyewe, amesimama kwa miguu miwili, amevaa koti la Mwalimu Kihiyo, lile lenye vumbi la chaki kwenye viwiko. Sikushangaa hata kidogo. Nilichowaza ni kwamba sijapiga pasi sketi.

"Mwanaidi Shekue!" anaita.

"Nipo!" naitika.

Daftari anajifungua kifua, anapitisha kidole kwenye mistari, anafika kwangu, anatikisa jalada. "Hupo," anasema.

"Nipo, Mwalimu. Si nimesimama mbele yako?"

"Unanibishia? Mimi nimeandikwa kwa wino. Wewe umeandikwa kwa nini?"

Nikajipapasa mifukoni kulitafuta jibu. Na mimi si mtu wa kukosa jibu, muulize yeyote hapa Muheza atakwambia nina mdomo.

Ngoja nikueleze kwanza ya macho, ndipo turudi kwenye ya ndotoni. Leo saa tatu asubuhi nina usaili wa chuo cha uuguzi na ukunga. Tumeomba watu mia mbili, nafasi ni thelathini. Ninakitaka chuo hicho mpaka nakosa hamu ya kula. Sasa, katika fomu ya kwenda nayo usailini kuna mahali wameuliza: siku ulizokosa masomo ukiwa kidato cha nne, na sababu. Waliotangulia walishatuonya kwamba hapo ndipo watu wanapoanguka, kwa sababu wenye chuo wanasema mtoro wa darasani atakuwa mtoro wa wodini. Jana jioni nikajaza kwa kalamu ya bluu: siku ishirini na nane. Sababu: malaria.

Uongo mtupu. Sijaugua malaria tangu darasa la tatu.

Ukweli ni kwamba mwaka jana, mwezi wa pili, dada yangu Sauda alijifungua mapacha, Hasna na Husna. Mama yetu yuko Maskati anafanya kazi za ndani, shemeji yuko barabarani na lori la machungwa, mama mkwe wake dada alishatangulia mbele za haki. Mzazi lazima akandwe kwa maji ya moto, afungwe tumbo, anyweshwe uji wa pilipili manga, asiinue hata ndoo mpaka arobaini itimie. Nani wa kumfanyia? Nikabaki mimi. Na dada akanishika mkono kitandani akaniapiza: "Mwanaidi, usimwambie mtu. Mapacha wana macho ya watu. Mpaka watoke nje arobaini ikiisha." Basi nikampelekea Mwalimu Kihiyo ujumbe kwamba naumwa malaria, akaandika. Arobaini ikaisha, watoto wakatoka, mtaa mzima ukawaona, lakini malaria yangu ilikuwa imeshakaa kwa wino, na mimi nikaona haya kwenda kuifuta.

Haya, turudi mstarini.

Kengele ya shule yetu ni rimu la lori lililotundikwa kwa mnyororo. Katika ndoto ile, Kengele ananing'inia pale pale, mara anajifungua mnyororo, anashuka chini. "Twende getini," ananiambia. Anaviringika mbele, mimi nyuma. Geti ni la shule yetu, nalijua mpaka kutu yake, lakini tukilifikia limeandikwa jina la chuo.

"Sheria ya hapa," anasema Kengele, "mtu anaingia mzima. Asilimia mia."

"Mimi ni mzima."

Akatoa futi ya fundi cherehani, akanipima kuanzia utosini, akazunguka begani, akashuka mpaka kwenye kiatu. Alikuwa akipima huku akinung'unika tarakimu. Mwisho akaisokota futi yake. "Themanini na tano nukta sita. Iliyobaki umeiacha wapi?"

Nikajitazama. Toba! Mkono wa kushoto haupo. Shati limeishia begani, limekunjwa vizuri na kushonwa. Nikapapasa kichwani, sikio la kushoto nalo halipo. Kisigino hakipo. Hakuna maumivu, hakuna damu, ni kama havijawahi kuwepo. Kisigino nilikisamehe, lakini mkono ule ndio ninaoshikia beseni.

"Nilikuwa navyo jana," nikasema.

"Wote husema hivyo," akajibu Kengele. "Kajieleze ndani."

Ndani ni darasa letu la kidato cha nne, ila madawati yametolewa na mahali pake pamewekwa meza ndefu yenye kitambaa, maua ya plastiki na chupa ya maji. Nyuma ya meza ameshakaa Daftari. Sijui alipita wapi. Kengele akajiegemeza mlangoni.

"Siku ishirini na nane," Daftari anasema. "Sababu?"

"Malaria."

"Shahidi aingie."

Akaingia mbu. Ukubwa wake ni wa kuku wa kienyeji, amevaa tai, amebeba mkoba. Akavuta kiti, akakaa, akaanza kukunja nne, na kwa kuwa ana miguu sita, tulisubiri kidogo. Sikujua kama mbu huamkiwa. Nikaona heri nizidishe adabu kuliko nipungukiwe.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Unamfahamu binti huyu?" Daftari akamuuliza.

Mbu akanitazama kwa muda mrefu. Mimi namkonyeza, namwomba kwa macho, baba wee, sema unanijua. Akakohoa.

"Mheshimiwa, simfahamu. Nimepita nyumbani kwao mara nyingi kikazi. Chandarua chao hakina hata tundu la sindano. Anakichomeka chini ya godoro pande zote nne, halafu anarudia kukagua. Kwa kweli ni binti anayekatisha tamaa."

"Kwa hiyo hukumpa malaria ya siku ishirini na nane?"

"Hata ya siku moja. Na ningependa iandikwe kwamba familia yetu imesikitika. Tunabebeshwa mambo mengi hapa Muheza. Mtu akichelewa kuamka, malaria. Mtu akiogopa mtihani, malaria. Sisi tunafanya kazi zetu, hatukatai, lakini za kwetu zinatutosha."

Nikatamani ardhi inimeze. Mbu akasimama, akaja mezani, akaikuta fomu yangu. Akaliinamia lile neno langu la bluu, akalinyofoa herufi moja moja, herufi saba, akazipanga kwenye mkoba wake na kuufunga. "Hili narudi nalo nyumbani," akasema, akarudi kukaa.

Pale kwenye fomu pakabaki peupe.

"Siku ishirini na nane," Daftari akasoma. "Sababu: hakuna. Kengele, msindikize."

Kengele akaanza kuviringika kuja kwangu. Nikarudi nyuma hatua moja, nikayumba, maana kisigino sina. Nikaliona geti dirishani linajifunga lenyewe. Nikawaona wale waombaji wengine wamepanga foleni, kila mmoja mzima na mikono yake miwili, na hapo ndipo hasira zikanipanda. Nilikuwa nimekaa nayo mwaka mzima na nusu, siri ya watu wengine, nikaona aibu kwa jambo ambalo halina aibu yoyote.

"Nilikuwa namkanda mzazi!" nikapiga kelele.

Kengele akasimama. Chumba kikabadilika hapo hapo. Siyo darasa tena, ni chumba cha dada Sauda, kimejaa mvuke mpaka darini. Kwenye kona sufuria linachemka juu ya jiko la mkaa. Harufu ya pilipili manga inakwenda moja kwa moja puani. Meza ndefu bado ipo, sasa imetandikwa nepi zinazokauka, na Daftari bado amekaa nyuma yake, ila kwa ule mvuke pembe zake zimeanza kujikunja.

"Rudia," akasema, akijipepea na ukurasa.

"Dada yangu alijifungua mapacha. Hakuna mtu mwingine. Nilikuwa nyumbani nikichemsha maji, nikikanda, nikifunga tumbo, nikipika uji, nikifua. Niliambiwa nisiseme nikasema malaria. Kosa langu ni hilo la kusema malaria. Lile lingine si kosa."

"Huenda," akasema Daftari. "Lakini mimi naandika aliyekosa. Siandiki alikokuwa. Sina mstari wa hilo."

"Kazi yako si kuita majina?"

"Ndiyo kazi yangu."

"Basi ziite siku zenyewe. Zikikosa kuitika, nitatoka mwenyewe bila kusindikizwa."

Daftari akamtazama Kengele. Kengele akamtazama mbu. Mbu akainua mabega yake madogo, akasema yeye hana haraka. Daftari akafungua ukurasa wa mwezi wa pili, akasafisha koo.

"Jumatatu ya kwanza!"

Mlango ukafunguka. Kabla ya Jumatatu, ukaingia mkono wangu wa kushoto. Lo! Ulikuwa unatembea peke yake hewani, umebeba beseni la maji ya moto, taulo limetundikwa kwenye kiwiko, na umechoka, mtu anaona kabisa kwamba umechoka. Ukaliweka beseni chini taratibu lisimwagike. Sikio langu lilikuwa limekaa begani kwake, linasikiliza kama watoto wamelia. Kisigino kilifuata nyuma.

"Nipo!" ikasema Jumatatu. Ilikuwa imevaa sare ya shule, sketi ya bluu na shati jeupe, na mikono ya shati imekunjwa. "Mimi ndiyo siku aliyoungua vidole viwili kwa maji. Alifikiri mzazi anakandwa kama anavyokandwa unga."

"Jumanne ya kwanza!"

"Nipo! Uji wangu aliuharibu. Pilipili ilizidi, mzazi alipiga chafya mpaka mapacha wakaamka."

"Jumatano ya kwanza!"

"Nipo! Kwangu aliweza kufunga kanga tumboni ikakaa mpaka jioni."

Zikaendelea kuingia. Alhamisi, Ijumaa, Jumatatu tena. Kila moja inaitika, inasema neno lake, inapanga mstari ukutani. Moja ilisema nilisinzia huku natembea nikagonga mlango. Moja ilisema nilisoma baiolojia kwa sauti juu ya vichwa vya watoto, wakalala. Ijumaa ya tatu ilisema nililia nyuma ya choo kwa sababu darasani kulikuwa na jaribio la kemia, nikanawa uso, nikarudi kukanda. Hiyo nilitaka kuinyamazisha, lakini Daftari akasema shahidi asikatizwe.

"Jumatano ya mwisho!"

"Nipo! Mimi ndiyo siku aliyowanyoa watoto nywele. Mzazi akatoka nje kwa miguu yake."

Daftari akahesabu. "Ishirini na nane. Zimetimia zote." Akafunga kalamu yake. "Sawa, nimesikia. Lakini nitasema ukweli, binti. Wazazi wengi hukandwa. Chuo hiki kinatafuta mkunga, hakitafuti mpika uji."

Mlangoni kukasikika zogo. Wanawake wanasukumana, wanacheka, wengine wanaulizana kama hapa ndipo. Kengele akajaribu kuwazuia akashindwa. Wakaingia kumi na wawili, wamevaa kanga, hakuna aliyevaa sare.

"Ninyi ni nani?" Daftari akauliza. "Hammo humu ndani yangu."

"Tunajua," akasema wa mbele. "Sisi ni Jumamosi sita na Jumapili sita. Hakuna mtu anayetuita. Tumesikia arobaini inaitwa majina, tukahesabu, tukaona mmeishia ishirini na nane. Nani amewafundisha hesabu?"

"Wikiendi hakuna masomo," Daftari akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Mzazi ana wikiendi?"

Daftari akajifunua kurasa zote, akatafuta, hakuona mahali. Mvuke ulizidi kumkunja. Kisha mmoja katika wale kumi na wawili akatoka mbele. Nilimjua kabla hajasema. Kanga yake ilikuwa na doa pindoni, lile lililogoma kutoka hata kwa chumvi.

"Mimi ni Jumapili ya tatu," akasema. "Siku ya kumi na sita. Mzazi alikuwa ameshapona, hivyo ndivyo kila mtu angesema. Mchana, Mwanaidi akaenda kufua vitambaa akakuta viwili vimelowa damu. Akavifua. Akarudi baada ya nusu saa, akakuta cha tatu. Akatazama saa ukutani. Cha nne hakusubiri kijae. Akamfunga mzazi kanga mbili, akajifunga mtoto mmoja mgongoni, mwingine akampa jirani bila kueleza, akasimamisha bodaboda. Mzazi alikuwa anasema ni uchovu tu, wacha nilale. Mwanaidi akamwambia, dada, utalala hospitali."

Sufuria likaacha kuchemka.

"Muuguzi wa zamu aliwapokea," Jumapili akaendelea. "Baadaye, mzazi alipotulia, akamuuliza binti: nani alikufundisha kuhesabu vitambaa? Akajibu, hakuna, niliona tu vinazidi. Muuguzi akamwambia, ungesubiri mpaka magharibi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Akamwuliza unasoma shule gani. Basi. Mimi nimekaa mwaka mmoja na nusu bila kuandikwa popote, nikasema leo nije."

Nikaanza kulia, sifichi. Siku ile nilikuwa nimeikunja na kuiweka mbali sana. Hata dada hatujawahi kuizungumzia, tunaipita pembeni. Nilipoona ile damu nilikuwa na miaka kumi na saba na nilikuwa naogopa, na mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe huku mimi nikiogopa. Jioni ile, kwenye benchi la hospitali, nikiwa na Husna mgongoni, ndipo nilipojua ninachotaka kuwa.

Mkono wangu wa kushoto ukaja. Ukanifuta machozi kwanza, ndipo ukaingia begani mahali pake. Ulikuwa bado na joto la maji. Sikio likarudi, nikasikia vizuri upande ule. Kisigino kikajipachika chenyewe.

Daftari akavua koti la Mwalimu Kihiyo, akalitundika kwenye kiti. Akafungua jalada lake la mbele, upande wa ndani, pale palipo peupe, mahali ambapo hakuna mistari.

"Sina mstari wenu," akawaambia wale kumi na wawili, "lakini ngozi yangu ni yangu. Jumamosi ya kwanza!"

"Nipo!"

"Jumapili ya kwanza!"

"Nipo!"

Wakaitika wote, na kila mmoja akaandikwa kwenye jalada. Jumapili ya tatu aliiandika kwa wino mwekundu na kuipigia mstari.

"Pima tena," Daftari akamwambia Kengele.

Kengele akatoa futi. Akanipima utosini, begani, kiatuni. Akasita. Akapima mara ya pili. "Mheshimiwa, kuna tatizo. Asilimia mia moja na sita."

"Zimezidi?"

"Zimezidi. Hapiti getini."

Na kweli, nilipotoka nje nililikuta geti limekuwa dogo, linanifika kifuani. Wale waombaji mia mbili wanatazama. Kengele akajaribu kunipitisha ubavu, haikuwezekana. Akajaribu kuniinamisha, nikakataa, nikamwambia nimeshainama siku arobaini, inatosha. Basi zile siku ishirini na nane zikakunja mikono ya mashati, zile kumi na mbili zikajifunga kanga viunoni, wakalishika geti pande mbili, moja, mbili, tatu, wakaling'oa na nguzo zake. Wakaliweka kando kwa adabu. Vigelegele vikapigwa! Kengele akajigonga mwenyewe mpaka akapasuka sauti. Mimi napita katikati, nimevaa sketi isiyopigwa pasi, mikono yote miwili juu, na sijawahi kutembea namna ile maishani mwangu.

Mbu akanikimbilia na mkoba wake. "Binti, samahani. Bado sahihi. Nimeondoa neno, lazima pawe na sahihi ya shahidi."

"Weka," nikamwambia, nikampa mkono wa kushoto. Akaniuma juu kidogo ya kiwiko.

Nikaamka.

Jua limeshaingia dirishani. Chandarua kimechomekwa pande zote nne. Nikakikagua, hakuna tundu hata la sindano. Mkono wa kushoto unawasha. Nikautazama: juu kidogo ya kiwiko kuna kipele kimoja, kipya, chekundu.

Nikacheka peke yangu. Nikasema mbu ni mbu, ndoto ni ndoto. Nikanyoosha mkono mezani, nikaitoa fomu kwenye bahasha nihakikishe haijakunjamana. Siku ulizokosa masomo: ishirini na nane. Imeandikwa vile vile, kwa kalamu ya bluu. Sababu:

Peupe. Nikaisogeza kwenye mwanga. Nikapitisha kidole, maana mimi hukandamiza sana kalamu. Karatasi ni laini, hakuna hata alama ya herufi moja kati ya zile saba.

Nikaketi kitandani na fomu mapajani. Kisha nikachukua kalamu ile ile, nikaandika, tena kwa kukandamiza: Nilikuwa namkanda dada yangu aliyejifungua mapacha. Nilisema naumwa, sikuwa naumwa. Zilizohesabiwa ni ishirini na nane, zilikuwa arobaini. Naomba mniulize habari za Jumapili ya tatu.

"Mwanaidi!" dada Sauda akaita kutoka uani. Mapacha walikuwa wanapigania kijiko, nawasikia.

Kila siku akiniita huitikia abee. Leo mdomo ulikwenda wenyewe, kwa sauti mpaka kuku wakakurupuka:

"Nipo!"

Kijiko kikaanguka huko uani. Kisha dada akasema, "Nani amekuuliza kama upo? Njoo unywe uji, utachelewa usaili."